Lantiye za rangi: tupimishe jicho mbele ya kununua

Siku hizi hapa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, lantiye za rangi zimeingia kabisa. Bibi-arusi anataka macho ya rangi ya asali siku ya ndoa. Kijana anataka ya kijivu kwa picha za simu. Sisi wa sendika hatuko wapolisi wa uzuri. Mutu akitaka kubadilisha rangi ya macho, ni macho yake. Tunauliza tu lile swali tunaulizaka kila asubuhi mbele ya kuanza kazi: nani amepima?

Juu lantiye si kama hereni. Hereni inaning'inia kwenye sikio, lakini lantiye inalala juu ya korne, ile ngozi nyembamba inayoangaza kama kioo mbele ya jicho. Korne haina mishipa ya damu. Inapata hewa kutoka inje, kupitia machozi. Ukiifunika na kitu kisichoikaa sawa, inakosa hewa, inavimba, inachubuka. Na fasi iliyochubuka ni mulango wazi kwa mikrobi.

Njo maana hata lantiye ya uzuri tu, isiyosaidia kuona, inaomba kipimo. Munganga wa macho anapima mupindo wa korne na upana wake kwa milimita, kiisha anaangalia kama jicho halina ugonjwa ao ukavu. Lantiye mingi ziko na upana wa karibu milimita 14, na mupindo wa kati ya 8 na 9. Tofauti ndogo sana inatosha kufanya ibane ao iteleze. Ile inayomufaa dada yako inaweza kukuumiza wewe. Marekani iliweka sheria mwaka wa 2005 kwamba lantiye zote, hata za uzuri, ni chombo cha kiganga, na haziuzishwe bila karatasi ya munganga. Hapa kwetu zinauzishwa pamoja na nywele na rangi ya kucha. Basi ni sisi wenyewe tunapashwa kujiwekea sheria ile.

Tuseme pia ukweli juu ya rangi. Macho yetu mengi ni ya kahawia nzito, juu ndani yake kuko melanini mingi, sawa na ya ngozi. Lantiye ya rangi hafifu haionekane juu yake. Inahitaji ile yenye rangi nzito, yenye tundu katikati la kuonea. Usiku, mboni inafunguka sana, inapita lile tundu, na ukingo wa rangi unaingia kwenye maono. Unaona kama katikati ya ukungu. Mutu wa pikipiki, dereva wa lori: usiku, hapana kuvaa. Na matone yanayoahidi kubadilisha rangi ya jicho, tusiyaguse. Hakuna yaliyohakikishwa.

Kama munganga amekubali, kinga inabaki mikononi mwako:

Nawa mikono na sabuni, kausha na kitambaa safi, njo uguse lantiye.

Mayi ya robine, ya kisima, ya mvua ao ya chupa, hata mate, hapana kusafishia. Ndani ya mayi kunaishi amiba moja inayokula korne, na matunzo yake yanaweza kuchukua miezi mingi. Tumia tu dawa ya lantiye, mpya kila siku, bila kuongeza juu ya ile ya jana. Ile chumvi ya mayi inayouzishwa farmasi inaosha tu, haiue mikrobi.

Toa lantiye mbele ya kuoga na mbele ya kulala, hata kama umechelewa kutoka kwenye ndoa.

Kikopo chake kibadilishwe kila miezi mitatu. Tarehe ya lantiye ikiisha, itupwe.

Hapana kuazimana. Rafiki anaweza kukuazima kiatu. Lantiye yake inabeba mikrobi ya jicho lake.

Sasa tuje kwenye kazi. Kwenye mashini ya kusaga mawe kuko vumbi, na kule wanakoyeyusha shaba na kobalti kuko asidi. Lantiye haikingi kitu. Miwani ya kazi inabaki palepale. Shauri letu kwa wafanyakazi wa mine ni moja: lantiye ya uzuri ibaki nyumbani. Asidi ikiingia kwenye jicho, kimbia kwenye mayi mingi palepale, osha kwa dakika 15 ao zaidi. Usipoteze hata dakika moja ukitafuta lantiye kwanza. Kama inatoka bila shida, itoe wakati unaosha, kiisha uende kwa munganga.

Kuko jambo moja linalotuuma sana. Tunaona wafanyakazi wanaficha jicho jekundu, juu ya kuogopa kapita atawarudisha nyumbani bila siku. Na wabibi wanaficha kwa bwana, juu ya kuogopa kugombezwa. Wakati huo mikrobi hainyamaze. Kuko moja inaweza kutoboa korne ndani ya siku chache tu, na kovu linalobaki linafunga mwangaza maisha yote.

Jicho likiuma, likiwa jekundu, likiogopa mwanga, ao ukiona giza kidogo: toa lantiye na nenda siku ileile. Beba lantiye na kikopo chake, munganga atavihitaji. Mwambie wazi ulivaa nini na ulilala nayo siku ngapi. Hapana kuweka matone ya kortizoni kutoka sokoni. Yanaweza kupunguza wekundu wakati ugonjwa unaendelea chini.

Kodi ya kazi ya mwaka wa 2002 inalazimisha mwajiri kutoa matunzo ya kiganga kwa mufanyakazi na kwa jamaa yake. Lantiye yenyewe utalipa na makuta yako, hiyo ni haki. Lakini jicho lililogonjwa ni ugonjwa kama mwingine. Wakikufukuza kwenye mulango wa dispansera sababu eti "ulijitafutia", usirudi nyumbani na kulala. Mwite delege wako palepale. Kazi yake ni ile.