Kufungua meko ya zamani na kuweka jiko la kuni: tahadhari za kiafya



Bei ya gesi na umeme ilipopanda sana mwaka 2022, wengi wetu tunaoishi Uingereza tulianza kuutazama upya ule ukuta wa sebuleni uliozibwa kwa ubao. Nyumba nyingi za zamani, hasa zile za safu za enzi za Malkia Victoria, zina meko na dohani, yaani njia ya matofali inayopandisha moshi hadi juu ya paa. Watu walipohamia kwenye hita, wakayaziba. Kuyafungua na kuweka jiko la chuma lenye mlango wa kioo kunawezekana, lakini hatari kwa afya inaanza siku ile ile unaposhika nyundo. Na kama nyumba ni ya kupanga, usiguse kitu bila ruhusa ya maandishi ya mwenye nyumba.

Kabla ya kubomoa

Ule ubao huenda si mbao kabisa. Mafundi wa zamani walipenda kutumia ubao wa asbesto kwa sababu hauungui. Asbesto ya bluu na ya kahawia zilipigwa marufuku Uingereza mwaka 1985 na nyeupe mwaka 1999, kwa hiyo nyumba yoyote iliyojengwa au kukarabatiwa kabla ya mwaka 2000 inaweza kuwa nayo. Kwa macho huwezi kuitambua kwa uhakika. Ukiuvunja ubao, nyuzi ndogo zisizoonekana huruka hewani, na ukizivuta hukaa mapafuni. Saratani inayotokana nazo inaweza kuchukua miaka 20, 30 na zaidi kujitokeza, ndiyo maana utamkuta fundi anayejigamba kwamba amevunja mbao hizo maisha yake yote na hajaumwa. Usimsikilize. Usikate, usitoboe, usifagie wala kupitisha mashine ya kuvuta vumbi. Mwite mtu mwenye mafunzo achukue kipande kikapimwe, na ikithibitika ni asbesto, itolewe na wenye leseni.

Rangi ya zamani kwenye fremu ya meko nayo huwa na risasi (ile madini, siyo ya bunduki). Usiipige msasa mkavu wala kuiunguza. Watoto wadogo na mama wajawazito wasiwepo kabisa wakati wa kazi hiyo. Kama mtoto ameshalamba au kuvuta vumbi hilo, mwambie GP wako, kuna kipimo cha damu.

Ukikuta hita ya gesi imesimama mbele ya meko, ni fundi wa Gas Safe tu anayeruhusiwa kuikata. Matofali yaliyo juu ya uwazi yanashikiliwa na linta, usiyapanue kwa kubahatisha.

Gesi isiyo na harufu

Hapa naomba msome taratibu. Kuni zikikosa hewa ya kutosha, au moshi ukikosa njia, hutoka kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu. Ikiingia kwenye damu hung'ang'ania chembe nyekundu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo moyo na ubongo vinanyimwa hewa huku wewe unaendelea kupumua kama kawaida. Hata kwetu, sehemu za baridi kama Njombe, watu wamewahi kulala na jiko la mkaa ndani wasiamke.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, na wengi hudhani ni mafua. Tofauti yake: kwa kawaida hakuna homa, watu kadhaa ndani ya nyumba wanaumwa pamoja, na mkitoka nje mnapata nafuu. Mkihisi hivyo, tokeni nje wote, piga 999, na msirudi ndani hata kama mmepata nafuu.

Kinga ya kwanza ni dohani yenyewe. Isafishwe na mwenye ujuzi na ipimwe kwa moshi kabla ya jiko kuingia. Viota vya ndege huziba njia, na kuta nyembamba ndani ya dohani zinazotenganisha njia yako na ya jirani hulika kwa miaka. Moto wako wa sebuleni unaweza kupeleka gesi kwenye chumba anacholala mtoto wa jirani! Ndiyo sababu mafundi wengi hushusha bomba la chuma kisichoshika kutu ndani ya dohani. Jiko linalozidi kilowati 5 linahitaji pia tundu la kudumu la kuingiza hewa. Tafadhali msilizibe kwa gazeti eti linaleta baridi.

Kengele ya kaboni monoksidi ni lazima kisheria England unapoweka jiko jipya la kuni. Iwekwe chumba hicho hicho, kati ya mita 1 na 3 kutoka jikoni.

Kazi ifanywe na fundi aliyesajiliwa HETAS, au utoe taarifa halmashauri kabla ya kuanza. Tunza cheti, bima na mnunuzi wa nyumba watakiuliza.

Kuni na moshi

Kuni ziwe na unyevu usiozidi asilimia 20. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi na kuacha lami ndani ya dohani, na lami hiyo ndiyo inayoshika moto. Mbao zilizopakwa rangi au dawa ya mchwa usizichome, sumu yake mtaivuta wenyewe. Miji mingi ina maeneo ya kudhibiti moshi, ambako jiko lazima liwe la aina iliyoidhinishwa.

Hata jiko zuri hutoa chembe laini kila unapofungua mlango. Kama nyumbani kuna mwenye pumu au ugonjwa wa moyo, na hita yenu inafanya kazi, kwa maoni yangu acheni tu ukuta ulivyo.

Majivu nayo hukaa na moto ndani kwa siku nzima au zaidi, na yanaendelea kutoa ile gesi. Yatieni kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, na ndoo ikae nje.