Figo zinazotupwa huku wagonjwa wakingoja

Je, msomaji, wajua kwamba figo iliyotolewa kwa hiari, ikapasuliwa kwa uangalifu kutoka mwilini mwa marehemu, huenda isimfikie mgonjwa yeyote? Nchini Marekani, ambako zaidi ya watu 90,000 wanangojea figo, takriban robo ya zile zinazotolewa kwa wafu katika miaka ya hivi karibuni hazikupandikizwa.

Baadhi kweli hazifai. Zina makovu mengi, au aliyezitoa alikuwa na saratani. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2019 ulilinganisha Marekani na Ufaransa kati ya 2004 na 2014. Marekani ilitupa figo 18 hivi katika kila 100, Ufaransa 9. Tena Wafaransa ndio waliokuwa wakipokea figo za wazee zaidi! Watafiti walikadiria kwamba Wamarekani wangalifuata mtindo wa Wafaransa, figo 17,000 hivi kati ya 28,000 zilizotupwa zingalitumika.

Basi tatizo li wapi? Kwanza ni saa. Moyo ukiwekwa katika barafu hudumu saa nne hadi sita tu. Figo huvumilia siku moja, pengine saa 36. Hospitali ya kwanza ikiikataa, hupelekewa ya pili, kisha ya tatu. Kila mmoja akijiuliza, "Mbona wenzangu wameikataa?" shaka huzidi, na barafu nayo inaendelea kuidhoofisha figo. Figo zinazotolewa mwisho wa juma hutupwa zaidi kuliko za siku za kazi, ilhali figo haijui Jumapili.

Pili ni woga. Kwa miaka mingi hospitali za huko zilipimwa kwa idadi ya wagonjwa ambao figo zao mpya zilikuwa bado zinafanya kazi baada ya mwaka mmoja. Daktari aliyejaribu figo yenye dosari alijitia hatarini; aliyeikataa hakuulizwa lolote. Lakini figo huja mbili mbili, na watafiti walipofuatilia jozi ambazo moja ilitupwa na nyingine ikapandikizwa, waliona kwamba ile iliyopandikizwa mara nyingi ilifanya kazi vyema.

Mgonjwa mwenyewe hana habari. Uchunguzi mwingine wa mwaka wa 2019 ulionyesha kwamba waliokufa wakingoja, kwa kawaida, walikuwa wamepata nafasi 16 za figo zilizokataliwa na madaktari kwa niaba yao. Mimi naona hili ndilo baya kuliko yote.

Dawa ipo. Tangu 1999, shirika la Eurotransplant, linalogawa viungo katika nchi kadhaa za Ulaya, huwapa wagonjwa wa umri wa miaka 65 na zaidi figo za watu wa umri huo, tena karibu na zilikotolewa ili safari iwe fupi. Mzee wa miaka 70 hahitaji figo ya kudumu miaka 30. Anahitaji kuondokana na mashine ya kusafisha damu. Kadhalika kuna pampu zinazopitisha maji maalumu ndani ya figo badala ya kuiacha barafuni. Na figo zenye virusi vya homa ya ini aina ya C, ambazo zamani zilitupwa, sasa hupandikizwa, kisha mgonjwa hutibiwa kwa tembe za wiki chache.

Hapa Kenya figo hutolewa hasa na jamaa walio hai, ingawa Sheria ya Afya ya 2017 inamruhusu mtu kuusia viungo vyake. Ikiwa wewe au ndugu yako mnafikiria kupandikizwa ng'ambo, muulizeni daktari mapema ni figo za aina gani atakazokubali, na iwapo atawajulisha anapoikataa moja.