Kutapisha vyoo ni kumdhulumu jirani

Ndugu Waislamu, mvua za masika zinyeshapo Dar es Salaam, katika maeneo kama Tandale, Manzese na Vingunguti, wapo wanaotoboa shimo la choo kilichojaa ili kinyesi kichukuliwe na maji. Wenyewe huita kutapisha choo. Maji hayo hupita mlangoni kwa jirani, mahali wanapochezea watoto, na kuingia katika visima vifupi. Kipindupindu, kilichozuka jijini humo Agosti 2015, huenea kwa njia hiyohiyo.

Mtume (S.A.W.) alikataza kujisaidia njiani, vivulini na penye maji ya watu, kama alivyopokea Abu Daud. Basi itakuwaje kwa anayefungulia shimo zima?

Tunajua kwamba gari la majitaka halipiti katika vichochoro vile, na mpangaji hana fedha. Lakini mwenye nyumba anayepokea kodi ya vyumba sita vyenye choo kimoja hana udhuru huo, hata akiwa wa safu ya kwanza msikitini (na udhu wake, tumeona, hutiwa kwa makini mno). Shimo hunyonywa pia kwa pampu ya mkono. Gharama yake itoke katika kodi aliyokwisha kuipokea, kabla ya masika.