Je, Wajua? Kambi ya Vita, Kasino na Herufi 20,000

Matukio mawili ni huru ikiwa kutokea kwa la kwanza hakugusi nafasi ya la pili. Kukiigusa, ni matukio tegemezi. Darasani tunapewa kanuni ya kuyapambanua, lakini mara nyingi ukweli umepatikana kwa kujaribu tena na tena, kisha kuhesabu.

Je, wajua kwamba jaribio mashuhuri la sarafu lilifanyika kizuizini?
John Kerrich, mwanahisabati aliyefundisha Afrika Kusini, alikuwa Denmark mnamo Aprili 1940 Wajerumani walipoivamia nchi hiyo. Akazuiliwa katika kambi ya Hald, Jutland. Muda ulikuwa tele, basi sarafu ikarushwa mara 10,000 na kila tokeo likaandikwa. Mirusho 10 ya kwanza ilitoa vichwa 4. Ilipofika 100, vichwa vilikuwa 44; kwenye 1,000 vilikuwa 502; mwisho wa kazi, 5,067. Tazama ziada: kwenye mirusho 1,000 vichwa vilizidi nusu kwa 2 tu, kwenye 10,000 vikazidi kwa 67. Hakuna mikia iliyokuja kufidia. Asilimia ilitulia karibu na 50 kwa sababu ziada ndogo humezwa na wingi wa mirusho.

Je, wajua kwamba sarafu huupendelea kidogo upande ulioanza juu?
Mwaka 2007 Persi Diaconis na wenzake walikadiria, kwa hesabu za fizikia, kwamba sarafu inayorushwa kwa mkono hutua na upande uleule ulioanza juu katika asilimia 51 hivi ya mirusho. Mwaka 2023, kundi la watafiti lililoongozwa na František Bartoš lilitoa matokeo ya mirusho 350,757. Jibu: asilimia 50.8.

Je, wajua kwamba rangi nyeusi iliwahi kutoka mara 26 mfululizo?
Ilikuwa katika kasino ya Monte Carlo, tarehe 18 Agosti 1913, kwenye meza ya ruleti. Kadiri nyeusi ilivyojirudia, ndivyo wachezaji walivyozidi kurundika fedha kwenye nyekundu, wakiamini kuwa zamu yake imewadia. Wakapoteza mamilioni ya faranga. Kabla gurudumu halijaanza kuzungushwa, nafasi ya kupata nyeusi 26 mfululizo ni kama 1 katika milioni 137. Lakini nyeusi 25 zikishatoka, nafasi ya nyeusi ya 26 ni ileile ya kila siku: 18 kati ya 37. Gurudumu halijui lilichotoa jana wala dakika moja iliyopita.

Je, wajua kwamba mwaka huohuo wa 1913 Mrusi mmoja alihesabu herufi ili kuonyesha utegemezi?
Andrey Markov alichukua herufi 20,000 za mwanzo za *Yevgeny Onegin*, kazi ya Pushkin, akaacha nafasi na alama za uandishi, akahesabu kwa mkono. Irabu zilikuwa 8,638, yaani asilimia 43. Kama herufi zingekuwa huru, irabu ingekuja kwa asilimia hiyohiyo popote. Haikuwa hivyo: baada ya irabu, irabu nyingine ilifuata kwa asilimia 13 tu, baada ya konsonanti, kwa asilimia 66.

Kwa Kiswahili utegemezi huo unaonekana hata kwenye methali moja. Andika "Haraka haraka haina baraka" bila nafasi. Konsonanti ni 11, na zote 11 zimefuatwa na irabu. Irabu ni 12, na ni moja tu iliyofuatwa na irabu: ile *a* ya *haina*.

Je, wajua kwamba uchanganyaji hafifu uliwapeleka vijana jeshini?
Tarehe 1 Desemba 1969, wakati wa vita vya Vietnam, Marekani iliendesha bahati nasibu ya kupanga nani aitwe kwanza. Tarehe 366 za kuzaliwa zilitiwa katika vikopo vidogo vya plastiki, na kilichotolewa hakikurudishwa. Hilo pekee lisingemwonea mtu. Tatizo ni kwamba vikopo vilitiwa sandukuni mwezi baada ya mwezi, Januari kwanza na Desemba mwisho, kisha havikuchanganywa vya kutosha, hivyo vilivyotiwa mwisho vilielekea kutoka mapema. Mwito uliishia namba 195, yaani tarehe ya 195 kutolewa. Kati ya siku 31 za Desemba, 5 tu ndizo zilizosalimika. Kwa mchanganyiko mzuri zingetarajiwa kama 14.

Je, wajua kwamba kuzidisha kimakosa kuliwahi kutumika mahakamani dhidi ya mama?
Uingereza, mwaka 1999, Sally Clark alitiwa hatiani kwa kuwaua watoto wake wawili wachanga. Daktari Roy Meadow aliieleza mahakama kuwa kifo cha ghafla cha mtoto katika familia kama ile hutokea mara 1 katika 8,543, hivyo vifo viwili ni 1 katika milioni 73. Alizidisha 8,543 kwa yenyewe, kana kwamba vifo hivyo ni matukio huru. Lakini ndugu wa tumbo moja hurithi vinasaba kutoka kwa wazazi walewale na hulala nyumba moja. Mwaka 2001 chama cha wanatakwimu wa Uingereza, Royal Statistical Society, kiliikosoa hadharani hesabu hiyo. Hukumu ilifutwa mwaka 2003.

Jaribu mwenyewe
Tia mfukoni vizibo 4 vya soda, 2 vya rangi moja na 2 vya nyingine. Chomoa kimoja bila kutazama, andika rangi, kirudishe, chomoa tena. Katika raundi 100, rangi zitatofautiana kama mara 50. Sasa rudia bila kurudisha cha kwanza: vinabaki 3, na 2 kati yake ni vya rangi nyingine, hivyo tegemea kama mara 67. Ukipata 46 au 71 usishtuke. Endelea kuchomoa, pengo litajionyesha.