Kangaja wa Kenya atafutiwa makazi mapya Texas

MWEZI Julai mwaka 2023, shule zilipofungwa, nilipata nafasi ya kwenda Marekani kumtembelea mdogo wangu anayeishi Fort Worth, jimbo la Texas. Yeye ni miongoni mwa Warundi wa familia zilizokimbia mwaka 1972 ambao Marekani ilianza kuwapokea mwaka 2007 kutoka makambi ya Tanzania. Mimi nilirejea nyumbani nikaendelea na chaki. Nilitarajia kumkuta na matatizo tunayoyasikia kila siku: kodi ya nyumba, zamu za usiku ghalani, watoto wasiojua Kirundi. Kumbe kilichokuwa kikimnyima usingizi ni samaki.

Samaki huyo aliishi sebuleni, katika tangi la kioo la lita 280 lililojaa maji ya chumvi. Nilipomtazama nilicheka.

"Huyu si kangaja?" nilimuuliza.

"Wewe kaka, kila samaki kwako ni kitoweo," akanijibu.

Nina sababu. Kidato cha tano na sita nilisoma Tanga, na Jumamosi tulikuwa tukishuka soko la samaki la Deep Sea kutafuta wa bei nafuu. Kangaja nilimfahamu kwa ngozi yake ngumu na ule mwiba mkali kama wembe ulioko pembeni mwa mkia, ambao umewafanya Wazungu waiite jamii yake yote samaki wapasuaji. Huyu wa mdogo wangu ana mistari mwilini, na akikunjua mapezi yake anaonekana kama jahazi lililotweka. Wataalamu humwita Zebrasoma desjardinii. Ni wa Bahari ya Hindi na Bahari ya Shamu, na duka lililomuuza liliandika kwamba ametoka Kenya.

Jambo hilo si la ajabu. Pwani ya Kenya wako wazamiaji ambao kazi yao ni kukamata samaki wa mapambo kwa nyavu za mkono, kisha wafanyabiashara huwafunga katika mifuko ya plastiki yenye maji na oksijeni na kuwasafirisha kwa ndege hadi Ulaya na Marekani. Hata sisi wa Bujumbura biashara hiyo tunaijua. Mbelgiji Pierre Brichard alikuwa akisafirisha nje samaki wa Ziwa Tanganyika kutoka hapa tangu miaka ya 1970, ingawa hao ni wa maji baridi.

Sasa huyu kangaja alifikaje sebuleni kwa mkimbizi? Jirani mmoja mzee alihamia nyumba ya wazee akamwachia mdogo wangu tangi lake. Baada ya miezi michache mawe yote yakaota mwani wa kijani, mrefu kama nywele. Muuza duka akamshauri anunue samaki anayekula mwani. Akamnunua akiwa na urefu wa kidole. Katika muda wa mwezi mmoja mawe yalikuwa meupe, na mdogo wangu akamsifu kwa kila mgeni kama mtu aliyepata kibarua asiyedai mshahara.

Hapa mwalimu wa biolojia aliye ndani yangu hakuweza kunyamaza. Mwani hauoti bure. Unafuata naitreti na fosfeti zinazotokana na chakula kingi kinachotupwa majini na vinyesi vya samaki. Samaki akiula mwani, sehemu kubwa ya virutubisho hivyo anavirudisha majini kwa njia mnayoijua. Ni sawa na kuajiri mfagiaji anayesogeza takataka nyuma ya mlango. Aliyepaswa kubadilika ni mdogo wangu, apunguze chakula na abadilishe maji mara kwa mara.

Kibarua naye akakua. Mwani wa mawe ulipokwisha, shemeji akawa anamnunulia karatasi za mwani mkavu katika duka la vyakula vya Waasia, zile ambazo Wajapani hufungia wali. Baada ya miaka mitatu alikuwa amepita sentimita 20, na samaki wa aina hii anaweza kufika 40. Alikuwa akienda na kugeuka, akienda na kugeuka, siku nzima. Wanaojua kazi hii husema anahitaji tangi lisilopungua lita 680 hivi. Akibanwa anadhoofika, na hapo hushambuliwa kirahisi na vijidudu vinavyomjaza madoa meupe kama chembe za chumvi.

Shemeji ndiye aliyetoa wazo. "Bahari ya Galveston ni saa tano tu kwa gari. Twende tukamwachie huru, maskini."

Nilikiri kwamba wazo lenyewe lilinigusa. Lakini ile si bahari yake. Mwaka 1985 huko Florida alionekana samaki wa miiba ya sumu ambaye Wazungu humwita samaki simba, naye kwao ni bahari zetu na Pasifiki. Inaaminika alitoka kwenye matangi ya watu. Leo ameenea Karibi yote pamoja na Ghuba ya Mexico, anakula samaki wadogo wa miamba na ni wachache wanaomla yeye. Nikamkumbusha shemeji habari ya kwetu. Mwaka 1959 wakoloni wa Kibelgiji walichukua aina moja ya ndagala wa Tanganyika wakampandikiza Ziwa Kivu, na leo Wanyarwanda wanamwita isambaza. Wamelisha watu wengi, sipingi. Hata hivyo, hakuna serikali wala mvuvi awezaye leo kusema watolewe.

Basi tukabaki na njia moja, kumtafutia nyumba kwa wafugaji wenzake wa hapo hapo mjini. Nami nilishuhudia mambo ambayo sijayaona isipokuwa katika posa.

Kwanza mdogo wangu alikatazwa kumtoa bure. Walioizoea kazi walimwambia kwamba kitu cha bure huchukuliwa na asiye na pa kukiweka, kwa hiyo aweke bei, hata kama ni ndogo. Akaja kijana mwenye tangi la lita 150. Akakataliwa kwa adabu. Wa pili alikuwa na tangi kubwa sana, ila tayari alikuwa na samaki wa jamii hiyo hiyo, na hao wakikutana hukatana kwa ile miiba. Muuza duka alikuwa tayari kumchukua siku hiyo hiyo, lakini alikiri kwamba atamuuza kwa yeyote atakayelipa. Mdogo wangu, ambaye alishahamishwa kambi mara mbili bila kuulizwa, hakulala usiku ule.

Wa nne alikuwa muuguzi, mama mmoja kutoka Ufilipino, mwenye tangi la lita zaidi ya elfu moja. Hakuuliza bei. Aliuliza samaki anakula nini, saa ngapi, na kama amewahi kuugua. Akaeleza kwamba atamtenga peke yake kwa wiki nne kabla ya kumchanganya na wengine, kisha atamweka ndani ya kisanduku cha plastiki angavu chenye matundu, humo humo tangini, hadi wenyeji wamzoee. Mdogo wangu akamtazama shemeji. Posa imekubaliwa.

Kumkamata kulituchukua asubuhi nzima. Wavu hautumiki, maana mwiba wa mkia hunasa na kumjeruhi. Tulitoa mawe yote, tukapunguza maji hadi robo, ndipo tukamchota kwa bakuli la plastiki. Mimi nililowa hadi kiunoni. Alisafiri ndani ya ndoo yenye mfuniko, imefunikwa blanketi, watoto wawili wakiishikilia. Mama yule alilipa dola 40 na kuongeza vipande viwili vya matumbawe aliyoyakuza mwenyewe.

Tuliporudi, mdogo wangu aliyapanga upya mawe yake, akasimama mbele ya kioo muda mrefu. Wiki mbili baadaye, nikifunga mizigo kurudi Bujumbura, nilimkuta akikwangua mwani kwa kadi ya benki iliyokwisha muda wake.