Kunata, Kukauka na Kuganda

Neno gundi limeenea mno hata likayafunika maneno yaliyokuwa yakitumika kando yake: embwe, yaani uji mzito wa kubandikia unaotengenezwa kwa ubuyu, sherisi, ipatikanayo kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya wanyama, na ulimbo, utomvu wa kunasia ndege. Kusahauliwa kwa majina hayo ni hasara ndogo. Kubwa ni kuchanganya vitenzi.

Kitu hakiungi vitu kwa kunata peke yake. Ulimbo hunata siku nyingi, nao kwa sababu hiyo humfaa mtegaji. Seremala akiutumia, kiti chake hakitakalika. Gundi ya mbao yatakiwa kwanza iwe majimaji, ipenye katika vitundu vya mti, kisha iwe ngumu humo. Ile nyeupe ya maseremala hukaza kwa kupotewa na maji, na kwa haki husemwa kwamba imekauka.

Ukuta wa fito na udongo, kama zijengwavyo baadhi ya nyumba za vijijini, nao hukauka kweli: maji hutoka, udongo hushika fito, mvua ikiupiga, hulainika tena. Mwashi aliyezoea kazi hiyo huweza kusema kwamba saruji nayo "imekauka", akaiacha juani. Hapo neno humponza. Saruji haikazi kwa kutokwa na maji, bali kwa kuungana nayo. Maji yakitoweka mapema, muungano hukoma, na kiungo cha matofali humomonyoka. Ndiyo maana kazi mpya humwagiwa maji kwa siku 7 hivi.

Neno lifaalo lipo tangu zamani, nalo ni kuganda. Maji huganda yakawa barafu, na barafu ni maji yale yale, hayakwenda zake. Tena kupe huganda juu ya ng'ombe: kukaza na kushika, maana zote mbili zimo katika kitenzi kimoja, bahati ambayo si kila lugha inayo. Hata gundi za viwandani za sehemu mbili, zichanganywazo kabla ya kutumiwa, huganda bila kukauka. Mtunga istilahi za ujenzi basi angeandika "muda wa kuganda" kwa saruji na gundi hizo, akawaachia udongo na gundi nyeupe kukauka kwao.