Lyons ya London: migahawa ilijaa, mkopo ukaiangusha

Mwaka 1978 kampuni ya J. Lyons ya London, iliyoendeshwa na koo za Salmon na Gluckstein kwa miaka ipatayo 90, ilinunuliwa na watengenezaji bia wa Allied Breweries. Mwekezaji mdogo ana mengi ya kutazama katika hesabu zake.

Koo hizo zilikuwa za wauza tumbaku. Mwaka 1887 zilianza kuuza chai katika maonyesho ya Newcastle, zikamweka mbele jamaa wa mbali, Joseph Lyons, kwa sababu wazee hawakutaka jina lao litajwe katika biashara ya upishi. Mgahawa wa kwanza wa chai ulifunguliwa Piccadilly mwaka 1894. Mwaka 1909 ikafuata Corner House ya mtaa wa Coventry: jengo la ghorofa kadhaa, lenye migahawa ya namna mbalimbali, kila mmoja na sura yake na bei yake, na bendi zikipiga muziki.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ukumbi mmoja uliuza bekoni na mayai, mwingine nyama za kuchoma na jibini. Orodha fupi ya vyakula hupunguza gharama za jikoni, na meza hupata mteja mwingine upesi. Kampuni ilipenda hesabu kiasi kwamba mwaka 1951 iliendesha kompyuta yake yenyewe, LEO, kwa kazi za ofisini. Wimpy, ambayo wakazi wa Nairobi waliijua sana, iliingia Uingereza kwa mkono wa Lyons mwaka 1954.

Tatizo lilikuwa kwenye hisa. Hisa za kura zilibaki mikononi mwa ukoo. Umma uliuziwa kwa wingi hisa za 'A', zenye gawio lakini zisizo na kura. Hivyo wakurugenzi walipoamua kununua makampuni ya nje, Baskin-Robbins na Tetley zikiwemo, mwenye hisa mdogo hakuwa na njia ya kuwauliza.

Manunuzi hayo yalifanywa kwa mikopo ya fedha za kigeni. Mwaka 1976 paundi iliporomoka, ikashuka chini ya dola 2 mwezi Machi, na kufikia Oktoba ilikaribia dola 1.60. Hebu msomaji apige hesabu: deni la dola milioni 2.4, paundi ikiwa dola 2.40, ni paundi milioni 1. Paundi ikiwa dola 1.60, deni lile lile ni paundi milioni 1.5, hata kama hukukopa senti zaidi. Na mteja wa chai wa London alikuwa akilipa kwa paundi.

Mali zikaanza kuuzwa, Wimpy ikiwa mojawapo, na Corner House ya mwisho ikafungwa mwaka 1977. Baskin-Robbins ingali inauza aiskrimu, chini ya wenyewe wengine.